Mzigo Unaondoka Kesho

Simu ya Mwalimu ililia mara mbili akaiacha. Mara ya tatu akapokea, akaweka spika ili na sisi tusikie.

"Mwalimu wangu, mzigo unaondoka kesho. Vimebaki elfu mbili tu. Kuna mtu wa Ndrele amevitaka vyote, lakini nikasema hapana, kwanza nimpigie Mwalimu."

"Nitakupigia baadaye," akasema Mwalimu.

"Saa ngapi?"

Mwalimu akaitazama simu kama mtu aliyeulizwa umri wa mama mkwe wake, akakata.

Tulikuwa Mahagi-Port, upande wa Kongo wa Ziwa Albert, chini ya mwembe ulio hatua chache kutoka pale mitumbwi inapovutwa mchangani. Hivyo vilivyobaki elfu mbili ni vifaranga vya ngege, alevini kama wanavyosema Bunia, vinavyovushwa katika mifuko ya nailoni kutoka upande wa Uganda. Mwalimu amechimba bwawa la mita 10 kwa 20 karibu na kijito kinachoshuka ziwani. Ni la kwanza maishani mwake. Yule wa kwenye simu anauza vifaranga, anauza chakula chao, anauza na dawa ya kutia majini, na kwa wiki mbili hajampa nafasi ya kupumua.

Mimi nilifika pale kuulizia samaki wa chumvi, nikabaki kwa sababu ya mabishano. Walikuwa wanne: Mwalimu, Mzee anayeshona nyavu, Mama anayenunua samaki ufukweni na kuwapeleka Bunia, na mpwa wa Mzee, kijana wa upande wa pili wa mpaka (Waalur ni wale wale huku na kule), aliyerudi karibuni kutoka Dubai. Majina nimeyaacha. Mahagi-Port si kubwa kiasi cha kumfichia mtu aibu.

MZEE: Nyinyi mnamlaumu muuzaji. Mimi namlaumu mwenye jembe. Mtu ana ziwa mlangoni, kilomita 160 za maji, halafu anachimba shimo afuge ngege! Ni kama kuchota mvua kwa kijiko na wewe umesimama mtoni.

MAMA: Mzee, mtumbwi wako jana ulileta nini?

Mzee akaendelea kushona.

MAMA: Nimeanza kununua samaki hapa nikiwa na mtoto mgongoni, na mtoto huyo leo ana watoto wake. Nilikuwa nachagua. Angara upande huu, ngasa upande ule, kapitene wa kubebwa na watu wawili. Sasa beseni limejaa vidogo vya kuanika. Wakubwa wakifuatwa katikati ya ziwa, mpaka hauonekani majini, unamwona askari tu. Mwalimu achimbe. Nataka samaki ninayejua atatoka lini na wapi.

MZEE: Baba yangu alichimba pia. Chifu alimwambia, na chifu aliambiwa na Mbelgiji. Walichimba mstari mzima bondeni, bwana mkubwa akaja, akahesabu, akaandika, akaenda. Samaki walikuwa wengi kama nzi na wadogo kama nzi. Uhuru ulipofika watu wakaotesha viazi humo.

Hapa Mzee yuko sahihi kuliko mwenyewe anavyojua. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Kongo ya Wabelgiji ilikuwa na mabwawa ya samaki zaidi ya laki moja, na utaalamu wake ulikuwa ukitoka katika vituo kama Kipopo, kule Katanga. Baada ya 1960 mengi yaliachwa. Vita na kuondoka kwa mabwana samaki vilichangia, lakini kulikuwa na jambo jingine la kawaida zaidi. Ngege huzaa mapema na huzaa tena na tena, jike akiwalea wanawe mdomoni, hivyo bwawa lililojazwa madume na majike hufurika watoto, chakula kikawapungukia wote, wakadumaa. Aliyeamrishwa kuchimba hakuwa ameambiwa hilo. Aliambiwa idadi.

Na huo haukuwa msukumo pekee wa zama zile. Miaka hiyo hiyo ya 1950 sangara, huyu huyu kapitene wa ziwa letu, alichukuliwa kutoka Albert upande wa Uganda akaenda kutiwa katika mfumo wa Ziwa Victoria. Alinenepa, akajaza viwanda, na aina nyingi za samaki wadogo wa kule zikatoweka. Basi tusijifanye kwamba kumtia samaki majini kabla ya kuyauliza maji kumeanza na kijana mwenye simu.

MWALIMU: Mimi sikuamrishwa na mtu. Nimetaka mwenyewe. Shida yangu ni kwamba yule kijana ni mwema. Nilipokwenda kwake mara ya kwanza alinipa kiti, akanipa soda, akauliza habari za watoto. Alinieleza saa nzima. Sasa nimwambie sitaki?

MAMA: Soda! Mimi nikimnunulia mteja soda, tayari najua nimeiweka wapi kwenye bei.

MPWA: Mama, usimsute. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mimi nilikuwa huyo kijana wa soda, miaka miwili.

Tukamgeukia. Tulijua alikuwa Dubai; tulidhani alikuwa mlinzi, kama wengi.

MPWA: Niliuza samaki wa mapambo. Duka lina taa za buluu, matangi ukutani, maji ya chumvi yanayochanganywa hapo hapo, gramu 35 hivi kwa lita kama bahari yenyewe. Watu wanafuga matumbawe hai sebuleni, mjomba, mwamba mzima na samaki wake. Nusu ya malipo yangu ilikuwa mshahara. Nusu nyingine ilitoka kwenye nilichouza. Tulifundishwa: mteja akisema "nitarudi", usimwache, muulize saa ngapi.

Mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

MPWA: Kuna baba mmoja alikuja na binti yake siku ya Alhamisi. Tanki alikuwa amelinunua Jumanne, la lita 100. Binti akamwona kangaja wa buluu, yule mwenye pezi la manjano mgongoni. Hata huku kwetu, pwani ya Mombasa, yumo baharini. Kangaja huyo anaogelea mwamba mzima kutwa. Ndani ya lita 100 ni sawa na kumfunga mbuzi ndani ya kabati. Na maji yenyewe yalikuwa na siku mbili. Samaki hutoa amonia kwenye mashavu yake anavyopumua, ni sumu, na bakteria wa kuila hawajazaliwa bado. Wanahitaji wiki 4, hata 6. Nilijua yote hayo. Nikauza. Nikamwongezea chupa ya bakteria, chupa ya vitamini na vipande viwili vya matumbawe. Jumapili alirudi na kangaja ndani ya kopo la mtindi.

MAMA: Akakutukana.

MPWA: Laiti. Aliomba msamaha! Alidhani kosa ni lake. Meneja akamuuzia kipimo cha amonia, na kangaja mwingine.

Kimya kilipita. Mtoto mmoja alikuwa anafukuza bata karibu na mitumbwi.

MZEE: Basi wewe ni mwizi, mpwa wangu.

MPWA: Labda. Lakini sikiliza na upande wangu. Mteja mgeni naye anadanganya. Ukimuuliza tanki lako ni la lita ngapi, anasema kubwa. Limekaa muda gani? Muda mrefu. Ukimwambia subiri mwezi mmoja, anavuka barabara ananunua kwa jirani, na wewe mwezi huo hujatuma kitu nyumbani. Kulikuwa na mzee mmoja pale dukani, Mhindi. Yeye alikuwa na maswali matatu: lita ngapi, maji yana siku ngapi, ndani yuko nani. Usipojibu hakuuzii. Aliuza kidogo kuliko sisi sote, na wateja wake tu ndio waliotutumia picha za samaki wenye umri wa miaka mitano.

Kati ya yote yaliyosemwa mchana ule, hili la maswali ndilo lililonikaa. Nikamuuliza Mwalimu: huyu kijana wako, katika saa nzima ya soda, alikuuliza nini?

Mwalimu akafikiri.

MWALIMU: Aliuliza nitalipa kwa dola au kwa shilingi.

Hakuuliza bwawa lina ukubwa gani. Hakuuliza liko wapi, na hapa kwetu hilo si dogo. Ziwa liko mita 619 hivi juu ya bahari, kuna joto, ngege anakula na kukua. Lakini panda hadi Mahagi mjini, kule juu ambako asubuhi watu wanavaa makoti, samaki yule yule katika maji ya baridi anapunguza kula na kukua kwake kunakuwa kwa kusuasua. Kijana anauza elfu mbili huku na elfu mbili kule, kwa maneno yale yale.

MAMA: Mwalimu, wewe unafundisha hesabu. Bwawa lako ni meta ngapi mraba?

MWALIMU: Mia mbili.

MAMA: Na anataka kukupa elfu mbili. Kumi kwa kila meta.

Mwalimu alichukua kijiti akaanza kuandika mchangani. Ninaandika hapa alichoandika, kwa sababu ndicho kilichogeuza mazungumzo, na kwa sababu anayeanza hukutana na maneno mengi ya dukani kabla hajakutana na hesabu moja.

Anayefuga kwa mbolea ya zizi na pumba huweka samaki wawili kwa meta mraba. Ni 400. Tuseme maji yake yanaweza kulisha samaki wa jumla ya kilo 60 hadi siku ya kuvua. Ukigawa kwa 400, kila mmoja ana gramu 150, na hapo hujatoa waliokufa na walioliwa na ndege. Maji ni yale yale, chakula ni kile kile. Gawa kwa 2,000.

MWALIMU: Gramu 30.

MAMA: Samaki wa gramu 30 nimkate wapi? Kisu changu ni kipana kuliko yeye.

MPWA: Kijana atasema ununue chakula cha mifuko.

MWALIMU: Ameshasema. Anakiuza.

MPWA: Basi andika hiyo pia. Elfu mbili, unataka wafike gramu 250. Ni kilo 500 za samaki. Kila kilo moja ya samaki inakula kilo moja na nusu ya chakula, au mbili kama unatupa ovyo.

Kijiti kikatembea, kikasimama. Kati ya kilo 750 na tani moja ya chakula, ivuke mpaka, ipande pikipiki, kwa mshahara wa mwalimu wa Ituri ambao sote tunajua unafikaje. Na hata chakula kingepatikana, hewa ya kuwatosha samaki kumi kwa kila meta isingepatikana. Usiku mimea ya majini nayo inavuta hewa, na alfajiri ungewakuta wote juu wakitwetea.

MZEE: Si nilisema?

MAMA: Hukusema hivyo. Ulisema asichimbe.

MWALIMU: Lakini anasema vyake ni madume matupu, haviwezi kuzaana.

Hapo mpwa aliinua mabega, na mimi nitasema ninachokijua. Madume matupu wapo kweli. Vituo vya kuzalishia huwalisha vifaranga chakula chenye homoni kwa wiki tatu au nne tangu wanapoanza kula, wakatoka karibu wote wa kiume, na dume wa ngege hukua haraka kuliko jike. Lakini kifaranga cha gramu moja au mbili ndani ya mfuko hakitambuliki kwa macho. Unanunua neno la mtu. Utajua mwezi wa tatu au wa nne, ukiona vijisamaki kama mbegu za nyanya vimejikusanya ukingoni asubuhi, penye maji ya kina kifupi yenye joto. Kabla ya hapo ni mbuzi kwenye gunia.

MAMA: Kwa hiyo amwambie nini? Maana ninyi wanaume mnafundisha maji, na simu italia tena sasa hivi. Mimi ningemwambia sitaki, kwaheri.

MWALIMU: Wewe Mama una ulimi wa ufukweni. Mimi nikisema sitaki, usiku silali.

MZEE: Azime simu.

MPWA: Akizima, kijana atakuja na pikipiki na mifuko tayari, samaki hai. Huyo humkatai. Mimi nisingeshindwa.

Mama anaamini katika ulimi, na ufukweni umemfaa. Ila sidhani ndiyo njia ya mtu kama Mwalimu, na wanaoanza wengi ni kama Mwalimu. Kwetu "nitarudi" ndiyo hapana yetu ya heshima, na biashara imeshajifunza kuiuliza saa. Mtu mpole akitaka kushindana kwa maneno na anayeishi kwa maneno atarudi nyumbani na elfu mbili. Ninavyoona mimi, aende na vitu ambavyo havihitaji ukali. Awe na namba yake, 400, aliyoipata mwenyewe mchangani. Na awe na ombi moja: nionyeshe bwawa la mtu uliyemuuzia mwaka jana. Ombi hilo halimtukani mtu. Muuzaji mzuri atalifurahia, maana bwawa hilo ndilo tangazo lake.

Simu ikalia.

"Mwalimu wangu! Gari liko tayari."

"Nina nafasi ya mia nne," akasema Mwalimu, na sauti yake ilitetemeka kidogo, nisiseme uongo. "Na ningependa kwanza kuona bwawa la mteja wako wa mwaka jana. Hata la mbali."

Upande wa pili pakawa kimya.

"Mtandao mbaya," ikasema sauti. Kisha, baada ya muda: "Mwalimu, mia nne hazilipi hata mafuta. Siwezi kupanga safari kwa mia nne."

Sikutegemea kumwonea huruma, lakini nilimwonea. Alikuwa anasema kweli. Mifuko ile hujazwa maji theluthi moja na hewa ya oksijeni theluthi mbili, inafungwa kwa mpira, na saa zinaanza kuhesabika. Barabara ikikatika kwa mvua, hasara ni yake. Hana bwana samaki wa serikali wa kumsaidia kueleza, hana duka lenye taa za buluu. Anasukuma kwa sababu mzigo wake unakufa mkononi.

MAMA, kwa sauti ya kufika kwenye simu: Kijana, wako watu wanne hapa bondeni wenye mashimo. Wakikuita pamoja utakuja?

"Nani huyo?"

MAMA: Anayenunua samaki wako wakishakua.

Akasema atakuja. Akasema pia, bila kuulizwa, kwamba kuna bwawa la mteja ng'ambo, karibu na Panyimur, na Mwalimu akitaka anaweza kwenda kuliona siku ya soko. Mpwa akanikonyeza. Mzee aliweka wavu chini.

MZEE: Maji yako ni ya rangi gani?

MWALIMU: Maji? Ni safi kabisa. Unaona hadi chini.

MZEE: Basi huna chakula humo, una kioo. Baba alikuwa anatia samadi, anatia majani yaliyooza kwenye kona aliyoizungushia mianzi. Halafu anapiga magoti, anazamisha mkono, kiganja kimefunguka, mpaka maji yafike kwenye kiwiko. Ukiona vidole, bado, ongeza samadi. Kiganja kikipotea maji yakifika kwenye kiwiko, weka samaki. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo tu, umezidisha, acha kabisa.

Yule aliyeanza kwa kukataa bwawa ndiye aliyekuwa na kipimo, na hakikuwa kinauzwa popote. Nilimuuliza kwa nini hakusema tangu asubuhi. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Mwalimu alitia samadi siku ya pili yake, mikokoteni mitatu kutoka kwa mfugaji wa jirani, baada ya kumwaga majivu ya jikoni pembezoni. Wenye mashimo wamekubaliana watatu. Wa nne anasubiri kuuza muhogo wake. Safari ya Panyimur bado.

Jana asubuhi nilipita pale. Mwalimu alikuwa amepiga magoti ukingoni, shati limekunjwa hadi begani, mkono uko majini hadi kiwiko. Vidole bado vinaonekana.